Singa ya Mkonge Mbele ya Leza: Niliyojifunza Kuhusu Mpangilio wa Selulosi

Kazi yangu ni kuchunguza singa za mkonge kwa spektroskopia ya Raman, yaani kuimulika singa kwa leza yenye rangi moja na kupima sehemu ndogo ya mwanga inayorudi ikiwa imebadilika rangi. Niliianza nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika maabara moja nchini Uingereza, nikiwa na singa nilizozichukua mkoani Tanga, na sijaiacha hadi leo. Imenifundisha jambo ambalo masomo yangu ya awali ya kemia hayakulitilia uzito: kujua singa imeundwa kwa vitu gani ni nusu tu ya kuijua. Nusu nyingine, ambayo kwa kamba ndiyo inayoamua mengi, ni kujua minyororo ya molekuli zake imelala kuelekea wapi na imepangika kwa utaratibu gani. Ninayaandika haya kwa ajili ya wanafunzi na watafiti wanaokusudia kutumia njia hii kwa mkonge, pamba, makumbi ya nazi au mmea wowote wenye nyuzi, kwa kuwa mengi niliyoyapata kwa kazi ya mikono hayamo katika maelekezo yanayokuja na mashine.

Selulosi, ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitenga na kuieleza mwaka 1838, ni mnyororo mrefu wa vipande vya glukosi vilivyounganishwa kwa madaraja ya oksijeni, na mnyororo mmoja huweza kuwa na maelfu ya vipande hivyo. Minyororo hulala sambamba, hushikana kwa vifungo vya hidrojeni, na kufanya vinyuzi vyenye unene wa nanomita chache tu, ambavyo navyo huuzunguka mhimili wa seli ya mmea kwa mshazari, ndani ya ukuta wa seli hiyo. Singa moja ya mkonge, ile ambayo jicho huiona ikiwa na urefu wa kama mita moja, si seli moja bali ni kifungu cha seli nyingi nyembamba, kila moja ikiwa na urefu wa milimita chache, zilizogandishwa pamoja kwa lignini na hemiselulosi. Pamba safi ni karibu selulosi tupu, ilhali katika mkonge selulosi ni takribani theluthi mbili ya uzito mkavu. Hata hivyo, ukizivuta zote mbili, singa ya mkonge ndiyo inayokuwa kakamavu zaidi. Ukweli huo mmoja ulitosha kunionyesha kwamba orodha ya viambato, hata ikiandaliwa kwa uangalifu mkubwa, haielezi singa.

Mwanga unapoigonga molekuli, karibu wote hutawanyika ukiwa na nishati ileile uliyokuja nayo. Fotoni moja tu, yaani chembe moja ya mwanga, kati ya mamilioni huiachia molekuli sehemu ya nishati yake, molekuli ikatetemeka, nayo fotoni ikaondoka ikiwa na upungufu. C. V. Raman na msaidizi wake K. S. Krishnan waliligundua jambo hili jijini Kolkata mwaka 1928, wakitumia mwanga uliochujwa kwa makini ili rangi ngeni iliyozaliwa ndani ya kimiminika ionekane, na Raman akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930. Upungufu huo wa nishati ndio tunaousoma. Hupimwa kwa namba ya mawimbi, yaani idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja, na kwa kila aina ya mtetemo una thamani yake, bila kujali leza ina rangi gani. Mtetemo wa daraja la oksijeni linaloshikanisha vipande vya glukosi katika selulosi huonekana kama kilele kwenye namba 1095 ya mchoro tunaouita spektra. Nikitumia leza ya nanomita 785, kilele hicho hukipata kwenye mwanga wa nanomita 859 hivi. Nikitumia leza ya kijani ya nanomita 532, hukipata karibu na nanomita 565. Lakini nikikokotoa tofauti, ni ileile 1095. Kwa hiyo singa iliyopimwa katika chumba kimoja inaweza kulinganishwa na iliyopimwa upande mwingine wa dunia, mradi kila mpimaji amehakikisha mashine yake inasoma sawasawa. Mimi hufanya hivyo kila ninapoanza kazi kwa kipande cha silikoni, ambacho kilele chake kinajulikana kuwa kwenye 520.5 hivi, na hukipima tena ninapomaliza, kwa sababu joto la chumba likibadilika kioo chenye mistari kinachotenganisha rangi husogea kidogo na kuisogeza spektra nzima.

Kizuizi cha kwanza kwa mkonge ni lignini. Ukiiweka singa ghafi chini ya leza ya kijani, unachopata mara nyingi si vilele bali mwinuko mmoja mpana wa mng'aro, kwa sababu lignini hunyonya mwanga huo na kuutoa upya kwa wingi unaozidi kabisa mwanga dhaifu wa Raman. Pamba iliyosafishwa haina usumbufu huo, na nadhani ndiyo maana mifano mingi ya vitabuni huonyesha pamba. Tiba yake ni kuhamia kwenye rangi nyekundu zaidi, na hata kwenye mwanga usioonekana, ambako lignini hainyonyi sana. Tangu mwaka 1986, watafiti Hirschfeld na Chase walipoonyesha kwamba leza ya nanomita 1064 inaweza kutumika pamoja na kipimo cha njia ya Fourier, yaani kupima rangi zote kwa pamoja na kuzitenganisha kwa hesabu, wachunguzi wa mbao na karatasi wamepata nafuu kubwa. Nafuu hiyo ina gharama yake. Nguvu ya mtawanyiko hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, na kwa kuwa 1064 ni mara mbili ya 532, mwanga unaotawanyika hupungua mara 16. Unapata spektra safi, lakini unasubiri muda mrefu.

Wapo wanaopendelea kuiacha leza imulike mahali pamoja hadi mng'aro uchakae wenyewe, ndipo waanze kupima. Njia hiyo hufanya kazi, na sitasema ni haramu, lakini kwa singa za mkonge siipendi. Mng'aro unachakaa kwa sababu kuna kitu kinachobadilika katika singa, na mimi nimekuja kuitazama singa ilivyo, si ilivyokuwa baada ya kuchomwa na mwanga wangu. Vivyo hivyo kuhusu nguvu ya leza: chini ya lenzi ya hadubini, miliwati chache zikikusanywa kwenye doa la mikromita moja zinatosha kuiunguza singa yenye rangi ya kahawia, na alama hiyo utaiona ukirudi kutazama kwa taa ya kawaida. Kwa hiyo huanza na nguvu ndogo kabisa, hupima mahali palepale zaidi ya mara moja, na huikubali spektra pale tu vipimo vinapofanana. Kurudia kipimo kunasaidia pia kuondoa vilele vyembamba vya ghafla vinavyosababishwa na miale ya kutoka angani inapogonga kigunduzi, ambavyo mgeni wa kazi hii anaweza kuvidhania kuwa ugunduzi.

Spektra ikipatikana, sura ya selulosi ni rahisi kuitambua. Vilele vya 1095 na 1120 husimama pamoja katikati; kilele cha 380 husimama chini kwenye namba ndogo; na kwenye 2897 kuna mlima mpana wa vifungo vya kaboni na hidrojeni. Lignini hujitambulisha kwa kilele cha 1600, kinachotokana na pete zake za benzini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza, Edwards na wenzake, walichapisha mwaka 1997 spektra za nyuzi asilia ambazo hazijatiwa dawa, mkonge ukiwa miongoni mwake, na spektra hizo zilinifaa sana kama kielelezo cha kulinganisha. Jambo la kuangalia ni kwamba urefu wa kilele cha lignini haupaswi kupimwa moja kwa moja dhidi ya kilele cha selulosi kana kwamba ni mizani. Pete za lignini hutawanya mwanga wa Raman kwa nguvu kuliko minyororo ya selulosi, na kwa leza za rangi fulani nguvu hiyo huongezeka zaidi. Kilele kirefu cha 1600 hakimaanishi kwamba singa ina lignini nyingi kuliko selulosi.

Sasa nifike kwenye jambo lililobadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Mwanga wa leza hutetemeka katika mwelekeo mmoja. Ukiilaza singa sambamba na mwelekeo huo, kilele cha 1095 huwa kirefu sana, kwa kuwa mtetemo wa daraja la oksijeni uko kando ya mnyororo na unaupokea mwanga vizuri unapokuja kwa mwelekeo wa mnyororo. Ukiizungusha singa ileile nyuzi 90, bila kuigusa kwa dawa yoyote, bila kuihamisha kutoka chini ya lenzi, kilele cha 1095 hushuka, na kile cha 2897 hupanda ukilinganisha nacho, kwa sababu vifungo vingi vya kaboni na hidrojeni vimeelekea ubavuni mwa mnyororo. Mtu akiziona spektra hizo mbili zikiwa kando kwa kando, na hajaambiwa zilikotoka, atasema ni vitu viwili tofauti. Ni singa moja. Kilichobadilika ni namna ilivyolala mbele ya mwanga.

Wiley na Atalla walilitumia jambo hilo mwaka 1987 walipokuwa wakitambua kila kilele cha selulosi kinatokana na mtetemo gani. Walipima nyuzi za rami na selulosi ya mwani wa Valonia, ambazo minyororo yake imenyooka vizuri, mwanga ukija sambamba na kisha ukija kwa kukingama. Nilipoisoma kazi hiyo kwa makini ndipo nilipoona kwamba mwelekeo si kero ya kuondolewa bali ndio habari yenyewe. Niliiweka singa juu ya meza inayozunguka, nikaizungusha hatua kwa hatua, na kuchora urefu wa 1095 dhidi ya pembe katika mchoro wa mzunguko, ambao huwa na kiuno pale singa inapokingama na mwanga. Kwa rami mchoro huo hubana sana kiunoni. Kwa mkonge haubani kiasi hicho: hata singa inapokingama kabisa, kilele kinabaki na kimo cha kutosha, kwa sababu vinyuzi vya selulosi ndani ya ukuta wa seli za mkonge havikulala sambamba na mhimili, bali huuzunguka kwa pembe ambayo vipimo vingi huiweka karibu na nyuzi 20. Upana wa kiuno cha mchoro ule unahusiana na pembe hiyo. Nilifurahi sana siku niliyouona, na bado hufurahi ninapowaonyesha wanafunzi, kwa kuwa wanaona kwa macho yao jambo ambalo hadubini ya kawaida haiwezi kulionyesha: vinyuzi vya nanomita chache, vilivyo vidogo mno kuliko doa la leza, vinatoa habari za mwelekeo wao kwa pamoja.

Hapo ndipo tofauti ya mkonge na fuwele ya selulosi, yaani selulosi ambayo minyororo yake imepangika kwa utaratibu kamili, inapoeleweka. Fuwele ya selulosi ikivutwa kando ya mnyororo ina ukakamavu wa takribani gigapaskali 138, kama Nishino na wenzake walivyopima nchini Japani kwa eksirei mwaka 1995. Singa nzima ya mkonge kwa kawaida hufika gigapaskali kati ya 10 na 20 na zaidi kidogo. Sehemu ya upungufu huo inatokana na lignini na hemiselulosi, ambazo ni laini. Sehemu nyingine ni selulosi isiyo na mpangilio wa fuwele. Na sehemu kubwa ni ile pembe, kwa sababu kinyuzi kilicholala mshazari hukunjuka kwanza kabla ya kubeba mzigo. Mzalishaji wa mbegu za mkonge anayetaka kamba kakamavu zaidi anahitaji kuipima pembe hiyo, na mashine ya Raman inaweza kumpa jibu bila kuiharibu singa.

Mwelekeo ulipokuwa jambo la kwanza katika daftari langu, historia ya kila singa nayo ikapata uzito. Nilirudi Tanga kuchukua sampuli nyingine, na katika shamba moja wilayani Korogwe nilikutana na mzee aliyekuwa amesimamia uanikaji wa singa kwa muda mrefu wa maisha yake. Nilimwamkia, nikamweleza ninachokitafuta, naye akaingiza mkono katika fungu lililotoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua majani ya mkonge, akatenga singa kwa vidole, akanipa mafungu mawili. "Mwanangu," akaniambia, "hizi ni za kwenye kitako cha jani, na hizi ni za nchani. Sisi tukizishika tunazijua. Ukizichanganya huko kwenu, usije ukaulaumu mkonge." Nilimwomba anionyeshe pia za katikati, akanionyesha, na kunieleza kwamba za kitakoni huvutika zaidi kabla ya kukatika. Maabara zilizopima nguvu za singa kwa sehemu za jani zimepata jambo hilohilo: sehemu ya kitako ina ukakamavu mdogo na hunyooka zaidi, na katikati ya jani ndiko kwenye singa kakamavu. Tangu siku ile sijapokea sampuli iliyoandikwa "mkonge" tu. Nataka kujua sehemu ya jani, umri wa mmea, na aina yake, kwa kuwa mkonge wa kawaida ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 si sawa na chotara 11648, aliyezalishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano na ambaye katika nasaba yake kuna Agave amaniensis, mkonge uliopewa jina kutokana na Amani, kule kwenye milima ya Usambara.

Korona yenyewe ni sehemu ya historia hiyo. Vyuma vyake hulipiga jani ili kuondoa nyama ya jani na kuziacha singa, na mapigo hayo huacha mikunjo midogo kwenye ukuta wa seli, ambayo kwa hadubini huonekana kama mistari iliyokingama. Nikipeleka doa la leza juu ya mkunjo kama huo, kilele cha 1095 hubadilika ukilinganisha na sentimita chache kando yake, kwa sababu hapo vinyuzi vimepinda. Singa iliyochambuliwa kwa mkono kutoka kwenye jani lilelile huwa na mikunjo michache. Kwa anayelinganisha mbinu mbili za kutia dawa, ni muhimu sampuli zote mbili ziwe zimepita njia moja tangu shambani, la sivyo atakuwa anapima korona.

Kuhusu kiwango cha ufuwele, yaani sehemu ya selulosi iliyopangika vizuri, Umesh Agarwal na wenzake wa maabara ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, walionyesha mwaka 2010 kwamba uwiano wa kilele cha 380 kwa kile cha 1096 (ndicho hichohicho ninachokiita cha 1095) hupanda kadiri ufuwele unavyopanda, kwa kuwa kilele cha 380 hufifia selulosi inapopoteza mpangilio. Ni njia nzuri na nyepesi, lakini uwiano huo nao huguswa na mwelekeo, na ndiyo sababu hupimwa kwa sampuli iliyosagwa na kushindiliwa kuwa kidonge, ambamo nyuzi zimeelekea kila upande. Hapa kuna mtego wa upande wa pili. Kinu cha mipira ya chuma, kikiachwa kizunguke, huivunja fuwele ya selulosi yenyewe, hata ikabaki unga usio na mpangilio kabisa. Watafiti hukitumia makusudi kupata selulosi ya namna hiyo. Anayesaga mkonge kwa kinu hicho ili apime ufuwele anakuwa ameuondoa kabla ya kuupima. Mimi hukata singa vipande vifupi kwa mkasi, kisha hutumia kinu cha visu kwa muda mfupi bila kukiacha kipate joto.

Nataka nikae kidogo kwenye kostiki soda, kwa sababu ndiyo dawa inayotumiwa zaidi kuandaa mkonge kabla ya kuuchanganya na gundi au plastiki. John Mercer wa Lancashire aligundua katikati ya karne ya 19 kwamba pamba ikitiwa katika kostiki kali hubadilika, na mwaka 1850 akapata hataza ya njia yake. Kwenye kipimo kidogo, cha asilimia chache, kostiki huosha hemiselulosi na sehemu ya lignini, na selulosi hubaki katika umbo lake la asili, ambamo minyororo yote imeelekeza vichwa upande mmoja. Kwenye kipimo kikubwa, asilimia 15 na kuendelea, huingia ndani ya fuwele, huitanua, na inapooshwa minyororo hujipanga upya kwa kupishana, vichwa huku na miguu kule. Hilo ni umbo la pili la selulosi, na singa ikishafika huko hairudi tena kwenye umbo la kwanza. Kwa jicho, singa hizo mbili huweza kufanana: zote ni nyeupe zaidi, zote ni laini zaidi. Kwa Raman hazifanani hata kidogo, kwa kuwa katika umbo la pili kilele cha 380 hupungua na vilele vya 355 na 577 huchomoza.

Nimesoma taarifa nyingi zinazosema tu kwamba nyuzi "zilitiwa alkali", na kisha kusifu au kulaumu matokeo. Bila kujua ni umbo lipi lililopatikana, sifa na lawama hizo haziwezi kulinganishwa. Katika sampuli zangu nimeona pia hali ya katikati, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye hatari zaidi kwa fundi: vilele vya maumbo yote mawili vikiwa pamoja, seli za nje ya kifungu zikiwa zimebadilika na zile za ndani zikiwa zimebaki, kwa sababu kostiki haikupata muda wa kupenya. Na kuna jambo la mwelekeo tena. Singa ikitiwa kostiki kali ikiwa imelegea, hujikunja na kufupika, na mchoro wake wa pembe hupanuka kiunoni. Ikitiwa ikiwa imekazwa kwenye fremu, minyororo hubaki imenyooka zaidi. Dawa ni ileile, kipimo ni kilekile, muda ni uleule, na bado singa mbili tofauti hutoka. Watu wa pamba wamelijua hilo kwa vizazi, na huikaza pamba yao wakati wa kuitia dawa. Sisi wa mkonge hatuna sababu ya kulipuuza.

Sehemu ya mwisho ya kazi hii, na ninayoipenda kuliko zote, ni kuipima singa ikiwa imevutwa. Uzi wa zeze ukikazwa hupandisha sauti, na mtu angetarajia mnyororo wa selulosi ufanye vivyo hivyo, lakini kilele cha 1095 hushuka kwenda namba ndogo. Sababu ni kwamba vifungo vya kikemia si uzi: mzigo unapovirefusha, mshiko wao hulegea, na kifungo kilicholegea hutetemeka polepole zaidi. Stephen Eichhorn na Robert Young, waliofanya kazi hii Manchester, waliigeuza kuwa kipimo cha mzigo unaofika kwenye selulosi yenyewe. Mashine ya kuvutia inakuambia singa nzima imebeba mzigo gani. Raman inakuambia minyororo imebeba kiasi gani cha mzigo huo. Kama kilele kinashuka kwa kasi singa inaponyooshwa, minyororo imelala vizuri na inafanya kazi. Kama singa inanyooka lakini kilele hakisogei, basi kinachonyooka ni gundi ya lignini na hemiselulosi au ni vinyuzi vinavyokunjuka, na selulosi haijaanza kubeba kitu.

Msogeo huo ni mdogo mno, mara nyingi chini ya namba moja kwa kunyoosha sehemu ndogo ya asilimia, kwa hiyo hauonekani kwa jicho kwenye spektra. Inabidi kila kilele kifananishwe na mchoro wa kihesabu ili kitovu chake kipatikane, na ndipo ule uangalifu wa silikoni na joto la chumba unapolipa. Lakini ukipatikana, unafungua mlango mkubwa. Singa ikizikwa ndani ya gundi na kipande kizima kikavutwa, ninaweza kupeleka leza kutoka ncha ya singa kuelekea katikati na kuona mzigo ukipanda hatua kwa hatua. Ukipanda upesi, gundi imeshika. Ukipanda kwa uvivu, singa inateleza ndani ya gundi, na hakuna haja ya kulaumu mkonge kwamba ni dhaifu.

Kwa sasa ninapima singa za chotara 11648 pamoja na za mkonge wa kawaida, kitako, katikati na ncha ya jani, kwanza zikiwa kavu, kisha zikiwa zimelowa. Maji hayanisumbui kama yanavyowasumbua wanaotumia infraredi, yaani mwanga usioonekana ulio nje ya wekundu, ambao kilele cha maji karibu na 1640 huwafunika, kwa kuwa maji hutawanya mwanga wa Raman kwa udhaifu mkubwa. Ninaweza kuiacha singa ndani ya tone la maji na kuipima humohumo, katika unyevu unaofanana na ule inaoupata kamba bandarini. Kila singa ina bahasha yake yenye jina la shamba, aina, nafasi ya jani kwenye mmea na siku ya kupita kwenye korona. Upande wa kitako huutia alama kwa fundo la uzi wa pamba, si kwa wino, kwa kuwa rangi za wino hung'aa chini ya leza kuliko hata lignini, na chembe kidogo ikisambaa kando ya singa huharibu kipimo chote.